Mwacheni Mgonjwa Akohoe

Juzi dada mmoja wa Mafinga alinitumia ujumbe. Mama yake amefanyiwa upasuaji wa tumbo, ameruhusiwa kurudi nyumbani, sasa kifua kinakoroma na hataki kukohoa kwa kuogopa mshono utafumuka. Anauliza ampe dawa gani ya kukata kikohozi. Nilimjibu palepale, lakini naandika na hapa kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnauguza watu majumbani, na baridi la mwezi wa sita na wa saba huku Nyanda za Juu Kusini halimwonei mgonjwa huruma.

Jibu langu: asimpe. Na kwa kuwa kifua kinakoroma, ampeleke kwanza akapimwe.

Haya nayajua kwa mwili wangu. Nilipasuliwa tumbo hapa Mbeya, wakati wa baridi kali, na asubuhi iliyofuata nikasikia kitu kinakwaruza kifuani. Kila aliyekuja kunijulia hali aliniambia nijikaze. Mama alinishika mkono: "Mwanangu, kikija kimeze." Shangazi mmoja, aliponiona nakohoa, alijifunika pua kwa kanga, akavuta kiti hadi mlangoni, kisha akamuuliza mama kwa sauti kama nina ugonjwa wa kifua tangu zamani. Wodi nzima iligeuka kunitazama. Swali lile linaniuma mpaka leo.

Aliyeniokoa ni nesi wa zamu ya usiku. Alinikalisha wima, miguu ikining'inia kitandani, akachukua mto, akauzungushia kanga yangu na kuikaza mpaka ukawa mgumu, akauweka juu ya mshono. "Dada, ukumbatie kwa mikono miwili. Ubane. Haya, vuta pumzi kwa pua, polepole, ifike chini. Ishikilie kidogo. Kohoa!" Nilikohoa huku machozi yakinitoka. Kohozi lilitoka zito, la njano, linavutika. Nilipovuta hewa tena, ilishuka hadi chini ya mbavu, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu nitoke chumba cha upasuaji. Nimonia sikuipata. Nilitoka wodini natembea kwa miguu yangu, na ninajivunia hilo.

Mapafu hutengeneza ute kila siku ili kunasa vumbi na vijidudu. Ndani ya njia ya hewa kuna vinyweleo vidogo mno vinavyousukuma ute huo hadi kooni, nasi tunaumeza bila kujua. Ukizidi, au vinyweleo vikidhoofishwa na sigara, kazi inabaki kwa kikohozi: unavuta hewa nyingi, mlango wa hewa kooni unajifunga, misuli ya kifua na tumbo inabana, kisha mlango unafunguka ghafla na hewa inatoka kwa kasi ikilikokota kohozi. Mwenye mshono hupumua juujuu kwa maumivu, ute unatuama chini ya mapafu, na humo ndimo nimonia inapoanzia. Kwa hiyo dawa ya maumivu apewe kwa wakati, na akohoe ikiwa imeshamwingia.

Akichoka kukohoa, afanye "haa": mdomo wazi, hewa itoke kwa nguvu kutoka tumboni kama anayepulizia kioo cha miwani apate kukifuta. Mara mbili tatu, apumzike, arudie. Anywe maji ya uvuguvugu. Atemee kwenye kopo lenye mfuniko, na anayemuuguza anawe mikono. Jiko la mkaa litoke chumbani, hata kama Makambako nzima inaganda. Hewa ya jiko hilo huumiza kifua, na chumba kikiwa kimefungwa huua.

Na nyinyi mnaokwenda kuwaona wagonjwa, ndugu zangu, acheni kuwatia watu aibu. Mgonjwa anayekohoa anafanya kazi ngumu. Mshikie mto. Mpe kitambaa afunike mdomo. Maneno yako ya mlangoni yatamfanya abane kikohozi ukishaondoka, na kitakachomlaza tena ni hicho alichokibana.

Kikohozi kikifika wiki mbili, au kikija na damu, homa, jasho la usiku au kukonda, akapime kifua kikuu. Katika vituo vya serikali kipimo na dawa ni bure. Akiambiwa alete kohozi la asubuhi, asukutue mdomo kwa maji, akae wima, avute pumzi ifike chini na alitoe kifuani. Mate hayatoshi, akiyapeleka maabara, ugonjwa unaweza usionekane.