Jibu: Huyo ni Isabel Sanford

Ndugu, umeuliza ni nani yule mama aliyecheza mke wa tajiri wa maduka ya dobi katika The Jeffersons, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani, na kama alianzia uigizaji pale. Ni Isabel Sanford. Na hapana, hakuanzia pale. Alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1917, akacheza majukwaani miaka mingi kabla Hollywood haijamjua. Mwaka 1967 alicheza mfanyakazi wa ndani katika filamu ya Guess Who's Coming to Dinner. Kwa waigizaji weusi wa wakati ule, nafasi nyingi zilikuwa za aina hiyo.

Mhusika wake, Louise Jefferson, alianza kama jirani tu katika kipindi kingine, All in the Family, 1971. Akina Jefferson walipopewa kipindi chao mwaka 1975, Sanford alikuwa anakaribia miaka 58. Sherman Hemsley, aliyecheza mumewe George, alikuwa mdogo kwake kwa miaka 20 hivi! Ukitazama huwezi kudhani. George anafoka na kurukaruka, Louise anamkazia macho tu, na watu wameshaanza kucheka. Kwangu mimi, kipindi kilisimama juu ya utulivu wake yule mama.

Mwaka 1981 Sanford alishinda Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, ya mwigizaji mkuu wa kike wa vichekesho, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Jukwaani alisema amengoja mno hadi unyenyekevu umemwishia. Alistahili kabisa.

Kipindi kiliisha 1985, naye alifariki Los Angeles, Julai 2004.