Kitambulisho umepata, sasa kaa jamvini

Kijana mmoja wa Wete, Pemba, kaniandikia juzi. Katimiza miaka 18, kapita kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwake, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi anacho, lakini wakubwa wakianza mazungumzo bado anatumwa dukani. Afanye nini naye ahesabiwe?

Mdogo wangu, kwa sheria umeshahesabiwa. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inamtambua mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18. Kidini ndiyo zamani zaidi: sisi Mashafii, hata asiyeona dalili za baleghe, akifika miaka 15 kaingia utu uzima. Mali ni jambo jengine. Suratun Nisaa, aya ya 6, yatima hukabidhiwa mali yake akishafika umri na akaonekana ana akili ya kuiendesha. Yaani unapimwa. Mimi nilipimwa kwa karafuu.

Baba alipofariki, kugawa hakukuwa na mzozo. Mama alipata thumuni yake, yaani moja ya nane, kilichobaki chetu watoto, mwanamme mafungu mawili, mwanamke moja. Mzozo ulikuja msimu ulipokaribia. Ami yangu, Mungu ampe umri, alileta mtu wa kununua karafuu zingali mtini. Pesa taslimu, siku hiyohiyo, na shida tulikuwa nazo kwelikweli. Jamvi zima kimya. Nikauliza: na fungu la wadogo zangu walioko skuli, nani karuhusu liuzwe? Mnunuzi wa mtini huweka bei ya chini kwa sababu mvua na wezi vinakuwa juu yake, na anayepunjika hapo ni yatima.

Ami akasema, "Mwanangu, hebu katazame chai."

Nikenda. Nikaileta, nikamimina, nikakaa palepale nikauliza tena.

Hatukuuza. Tulichuma wenyewe, usiku tukichambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, mchana tukikimbizana na mawingu kuanua. Zilipokauka tukazipeleka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na fungu la wadogo nikaliandika kwenye daftari ninalo mpaka leo. Mmoja wao kamaliza chuo. Sijisifu, ila sikumbuki mwengine aliyefungua mdomo siku ile. Ami hajanisamehe. Nikipeleka mkono wa Idi, huja kuupokea mkewe.

Basi vijana, kaeni. Mkitumwa nendeni, kisha mrudi mkae. Jueni mikarafuu yenu ni mingapi, mmepakana na nani, baba anadaiwa wapi. Ulizeni. Siku hizi mtu ana ndevu, ligi nzima ya Uingereza anaijua kwa moyo, mpaka wa shamba la babu yake haujui! Anataka harusi ya ukumbini, na deni la maziko kawaachia dada zake. Mtasema mimi mkali. Ulizeni, mkiambiwa mnyamaze, ulizeni tena kwa adabu.

Na pakiwa na fungu la mtoto, msimalizane kwa mdomo. Mirathi ipelekeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ipigiwe hesabu na iandikwe.