Kabla Hujamalizia Malipo ya Boti ya Aluminiamu, Ivushe Mwamba

Anayekuuzia boti atataka mwende kuijaribu asubuhi. Asubuhi bahari imelala, upepo haujaanza, na boti yoyote yenye robo tangi na watu wawili itateleza vizuri ndani ya mkono wa bahari, iwe Mtwapa au Kilifi. Utashuka umefurahi, na pesa iliyobaki utaitoa siku hiyo hiyo. Ushauri wangu kwa aliyeagiza boti ya aluminiamu ya kuvulia maji makuu ni kuikataa asubuhi hiyo. Taka alasiri. Taka matangi yajae, barafu iwemo, watu wawe idadi ile mtakayokuwa mkivua nayo, kisha mvuke mwamba unaoikinga pwani, mkakae huko nje saa kadhaa.

Nimeshika usukani wa boti za uvuvi wa fimbo kati ya Kilifi, Watamu na Malindi kwa miaka mingi, takriban zote za faiba. Mteja wangu mmoja alipoagiza ya aluminiamu kwa vipimo vyake mwenyewe, alinipa kazi ya kuipima kabla hajamalizia malipo. Ilikuwa ya futi 28, mashine mbili za nyuma za nguvu ya farasi 150 kila moja, bati la chini milimita 6, la ubavuni milimita 5. Wateja wengine wameanza kuniulizia boti za aina hii, na karibu wote swali lao la kwanza ni inakimbia noti ngapi, yaani maili ngapi za baharini kwa saa. Hilo ndilo swali dogo kuliko yote.

Aluminiamu yenyewe si jambo geni kwetu. Aliyepanda boti za Kilimanjaro kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja amepanda aluminiamu. Uzito wake ni kama theluthi ya chuma, haioti kutu nyekundu, na ukigonga mwamba mara nyingi inabonyea badala ya kupasuka. Mabati ya bahari huwa ya daraja la 5083 au 5086, yenye magnesi ndani yake ya kuistahimilisha chumvi. Muulize fundi akuonyeshe karatasi za bati, na namba iliyopigwa chapa kwenye bati lenyewe kabla halijakatwa. Lakini wepesi huo unaousifia ndio utakaokusumbua. Boti nyepesi inasukumwa na upepo, inaruka juu ya wimbi na kutua kwa kishindo. Kwa hiyo kila unachokipima siku ile, pima wepesi unafanya nini.

Anza na mzigo. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu gramu 740, hivyo lita 400 ni takriban kilo 300. Weka barafu kilo 200. Weka watu sita, hao ni kilo 450 na ushei. Hiyo ni karibu tani nzima, na asubuhi ya muuzaji boti ilibeba sehemu ndogo tu ya uzito huo. Boti yetu ikiwa tupu, mafuta yakifunguliwa yote, mashine zilifika mizunguko 5,400 kwa dakika. Ilipobebeshwa, ziligota 4,900. Mashine nyingi za nyuma za ukubwa huo zimeandikiwa na mtengenezaji wake zifike kati ya 5,000 na 6,000 mafuta yakiwa yamefunguliwa yote. Zisipofika, zinafanya kazi zikiwa zimeelemewa kila siku, na zitakufa mapema. Dawa yake si mashine kubwa zaidi. Ni propela yenye mwinamo mdogo wa mabapa: kila inchi moja unayopunguza huongeza mizunguko kama 150 hadi 200. Tulipunguza inchi mbili, zikapanda hadi 5,300 na mzigo wote ndani. Noti mbili za mwendo zilipotea, na sikuzisikitikia.

Mafuta yapime kwenda na kurudi, usipime upande mmoja. Mkondo wa pwani yetu unapanda kaskazini, na wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, unapanda kwa nguvu. Ukitoka Kilifi kuelekea Malindi utasukumwa, ukirudi utapigana na mkondo na upepo pamoja, na mita ya mafuta itakuonyesha boti mbili tofauti. Kama inakula lita 50 kwa saa ikienda noti 25, hizo ni lita 2 kwa kila maili ya baharini. Theluthi ya tangi ni ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Kwa lita 400 maana yake ni maili 66 hivi kwenda, na hesabu hiyo ifuate ulaji wa mafuta wa safari mbaya, si wa ile nzuri.

Siku ile ilikuwa Februari, kaskazi imeshika. Fundi alitazama nje ya mlango wa mwamba akaniambia, "Nahodha, leo pamechafuka, tungengoja kesho asubuhi." Nikamwambia, "Fundi wangu, mwenye boti hii atakuwa huku kila alasiri ya msimu wa sulisuli. Twende tu." Akakubali bila kinyongo, na namshukuru kwa hilo. Kaskazi ina jambo lake: upepo unashuka kutoka kaskazini mashariki huku mkondo ukipanda, vikikutana mawimbi yanakuwa mafupi na yamesimama. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kuipima boti nyepesi.

Pita dhidi ya wimbi kwanza, kwa mwendo utakaoutumia kweli, noti 15 hivi. Sikiliza. Aluminiamu ina kelele, hilo halikwepeki, lakini kelele ni za aina mbili. Kishindo kizito, kimoja, kikaisha, ni boti imetua juu ya maji. Mlio wa kudunda unaojirudia, na bati linacheza chini ya kiganja ukiliwekea mkono, ni mataruma, mbavu za ndani zinazoshikilia bati, yaliyowekwa mbali mbali, na bati hilo litachoka. Mwinamo wa V wa chini ya boti, unaopimwa upande wa nyuma, ndio unaopunguza kishindo: nyuzi 20 hadi 24 zinakata wimbi vizuri, nyuzi 14 zinakupa boti iliyotulia ikisimama lakini itakayokuvunja mgongo ikienda. Anayeagiza boti yake mwenyewe ana bahati ya kuchagua. Kwa bahari yetu mimi ningechagua nyuzi 20 au zaidi, na nitaeleza bei yake hapa chini.

Kisha geuza, wimbi likufuate. Hapa ndipo watu hufa, wakiingia mlango wa mwamba maji yanapotoka, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Omo, yaani mbele ya boti, ikizamisha pua chini ya wimbi lililo mbele, na tezi, nyuma yake, ikataka kuzungukia ubavuni, usukani wako unapaswa kuirudisha papo hapo. Fanya hivyo nje, penye nafasi, kabla hujalazimika kufanya mlangoni. Kama boti inachelewa kukujibu, uliza mzigo wa barafu na tangi umewekwa wapi. Uzito uliosogezwa mbele kupita kiasi hufanya omo kuchimba, na tangi ni kitu ambacho fundi anaweza kukisogeza kabla hajafunga sitaha kwa kuichomelea, baada ya hapo ni ghali.

Halafu zima mashine zote. Hili wanunuzi hawalifanyi, na kwangu ndilo jaribio lenyewe, kwa sababu mvuvi anayeshusha mshipi anatumia muda mwingi akielea kuliko akikimbia. Boti itageuka ubavu kwa wimbi. Iache nusu saa. Boti ya V kali hulala upande mmoja kidogo inaposimama, hiyo ndiyo bei niliyoitaja. Aluminiamu kwa wepesi wake hulala na kuinuka kwa haraka, na haraka hiyo ndiyo inayochosha magoti na kutapisha wageni. Waambie watu wote sita waende ubavu mmoja, kama wanavyofanya jodari akipita chini ya boti. Tazama maji yanaingia wapi. Mashimo ya kutolea maji yako juu ya mstari wa maji, au watu wakihamia upande mmoja yanageuka kuwa mashimo ya kuingiza? Yetu yaliingiza. Maji yalifika vifundoni kwenye kona ya tezi, yakakaa. Fundi aliyaona mwenyewe, na hatukuhitaji kubishana. Aliyapandisha mashimo na kuyawekea vifuniko vya mpira vinavyojifunga.

Rudi nyuma kwa nguvu kiasi, kama unamfuata sulisuli anayeondoka na mshipi, uone wimbi likipanda juu ya tezi linatoka kwa muda gani. Rambaza, yaani buruta mishipi nyuma ya boti, noti 7 kwa robo saa na upepo ubavuni, uone kama boti inashika njia au unapigana na usukani muda wote. Haya mawili hayachukui muda.

Kabla ya kuondoka tulikausha ngama, sakafu ya chini kabisa ndani ya boti, kwa kitambaa. Tuliporudi nikafungua kila kifuniko. Penye maji, nilichovya kidole nikaonja: yasiyo na chumvi ni barafu iliyoyeyuka, ya chumvi yana njia yake ya kuingilia na lazima ipatikane. Boti ipandishwe juu siku hiyo hiyo, ingali mbichi. Maji yanayotoka yenyewe kidogo kidogo kwenye mshono, baada ya boti kufutwa, ni tundu. Usiangalie mshono peke yake. Joto la kuchomelea hulegeza bati lililo kando yake, na ufa huanzia hapo kandoni. Pita na tochi kwenye kona za tezi panapofungwa mashine, na mwisho wa kila taruma. Mafundi wana rangi nyekundu ya kupaka na kufuta, inayobaki ndani ya ufa usioonekana kwa macho. Taka ipakwe.

Na hapo nilikuta kilichonitia wasiwasi kuliko yote. Valvu inayoingiza maji kwenye tangi la chambo hai ilikuwa ya shaba, imefungwa moja kwa moja kwenye bati. Shaba na aluminiamu zikigusana ndani ya maji ya chumvi, inayoliwa ni aluminiamu, na inaliwa usiku na mchana boti ikiwa imetia nanga. Weka valvu ya plastiki ngumu. Skrubu za chuma kisichoshika kutu nazo ziwe na plastiki au mpira katikati. Rangi ya chini ya kuzuia viumbe kuota isiwe na shaba. Zile za kawaida zinazopakwa faiba nyingi zinayo, basi soma kopo. Kila taa na pampu iwe na nyaya zake mbili, bodi isitumike kama waya wa hasi. Zinki, vile vipande vinavyofungwa kwenye bati ili viliwe badala yake, zisipakwe rangi kamwe, na zikikaa miezi bila kuliwa hata kidogo, hazijagusana vizuri na bati na hazilindi chochote. Sarafu ya shaba iliyodondoka ndani ya ngama na kukaa kwenye maji ya chumvi inaweza kutoboa bati, kwa hiyo mwambie kila mgeni.

Kwa Kenya boti itakaguliwa pia na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, KMA, na cheti chake ni lazima. Lakini mkaguzi anatazama usalama na vifaa. Kama boti inafaa kwa uvuvi wako ni kazi yako. Kwa hiyo andika kwenye mkataba, kabla bati la kwanza halijakatwa, kwamba sehemu ya mwisho ya malipo inatolewa baada ya jaribio nje ya mwamba na mzigo kamili, na kwamba kikirekebishwa kitu mnatoka tena. Mteja wangu alikuwa ameandika hivyo. Fundi alibadilisha valvu, propela na mashimo ya maji kwa gharama yake, tukavuka mwamba mara ya pili wiki iliyofuata, alasiri, na malipo yakatolewa palepale gatini.