Kapsuli tupu zinapasuka nikizijaza, niongeze silika?

SWALI: Habari daktari. Najaza mwenyewe unga wa manjano kwenye kapsuli tupu za jelatini saizi 00. Nilinunua pakiti kubwa, nikazihamishia kwenye chupa ya glasi, nikaweka vipakiti vinne vya silika, vile vya kunyonya unyevu, na chupa nikaiweka kwenye friji ili zisiharibike. Sasa kila nikifungua kapsuli inapasuka, karibu nusu natupa. Niongeze silika au nizihamishie friza?

JIBU: Usiongeze chochote dada yangu. Toa silika yote, toa chupa kwenye friji leo hii, na friza uisahau kabisa. Kapsuli zako hazijaoza wala hazijaekspaya, umezikausha tu mpaka zimekakamaa, na nakwambia ukweli swali hili nalipata kila mara na karibu wote wanaouliza wamefanya hivi hivi ulivyofanya wewe.

Tatizo ni hii imani kwamba kitu kikavu zaidi ndo kimehifadhiwa vizuri zaidi. Kwa unga sawa, kwa ganda la jelatini hapana. Ganda zima la jelatini lina maji ndani yake, kama asilimia 13 hadi 16 ya uzito wake, na hayo maji siyo uchafu ulioingia kwa bahati mbaya, ndiyo yanayolifanya libonyee bila kuvunjika. Yakishuka chini ya asilimia 10 hivi ganda linakuwa jepesi kupasuka hata kwa kuligusa tu, na yakizidi asilimia 18 linalegea, linanata, vipande vyake viwili, kofia na mwili, vinagandana. Silika haijui wapi pa kuishia, inavuta maji popote inapoyapata, sasa ndani ya chupa iliyofungwa hewa ikishakauka inavuta kutoka wapi tena? Kwenye maganda.

Najua hii tabia imetoka wapi. Watu wanafungua chupa ya saplimenti ya kiwandani wanakuta kipakiti cha silika ndani, wanasema kumbe kapsuli zinataka silika. Kile kipakiti kimewekwa kwa ajili ya unga ulioko ndani, na kiwanda kimepima silika kiasi gani kwa kapsuli ngapi kwenye chupa ya ukubwa gani, wakaijaribu kwa miezi kabla ya kuuza. Huwezi kuchukua vipakiti vinne ulivyovikuta kwenye boksi la viatu ukavitupia kwenye maganda matupu ukategemea matokeo yale yale.

Friji nayo ina kasoro yake. Kila ukitoa chupa ikiwa baridi ukaifungua, hewa ya chumbani inaingia na kugeuka umande juu ya maganda, kwa hiyo maganda yale yale yaliyokauka yanapata majimaji ya ghafla juu juu, mengine yanagandana, mengine yanapinda, halafu unarudisha kwenye baridi na kesho unarudia tena. Kapsuli tupu zinataka joto la kawaida la chumba, kati ya nyuzi 15 na 25 za Selsiasi, na unyevu wa hewa kati ya asilimia 35 na 65, basi. Ziache kwenye mfuko wake wa asili wa foili, ukishaufungua toa hewa, ufunge vizuri, weka ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana, kabatini, mbali na jua, jiko, bafu na dirisha. Nunua kile kipimo kidogo cha unyevu cha kidijitali, haigromita, kiache humo humo kabatini ukisome, ni bora kuliko kubahatisha.

Hizo ulizonazo nyingi zinaweza kupona. Zitandaze safu moja kwenye trei safi, funika na karatasi safi, ziache siku moja au mbili kwenye chumba chenye unyevu wa asilimia 45 mpaka 55, zitarudisha maji taratibu zenyewe. Halafu chukua mwili mmoja uubonyeze kwa vidole viwili: ukibonyea ukarudi umbo lake, uko sawa, ukilia kaa ukapata ufa, bado mkavu, ukibaki bapa na kunata, umepitiliza. Zilizopinda au zenye ufa tupa tu.

Na hapa naomba mnisikilize wote, siyo dada huyu peke yake. Kuna watu huko kwenye magrupu wanafundisha kupitisha kapsuli kavu juu ya mvuke wa maji ya moto, wengine kuzipulizia maji, wengine kuzianika juani "kuua vijidudu". Jelatini inayeyuka kwenye maji ya joto la mwili, sasa ukiipiga mvuke unategemea nini? Mbaya zaidi ni joto na unyevu vikikaa pamoja muda mrefu, jelatini inajifunga kwa ndani, ganda linaonekana zuri tu, linang'aa, lakini ukilimeza linachelewa kufunguka au halifunguki vizuri kabisa. Kemikali ziitwazo aldehaidi zinaleta shida hiyo hiyo, na unga wa mdalasini unazo nyingi, kwa hiyo anayekwambia kila unga unafaa kwa kila ganda hajui anachosema.

Unga pia unagombania maji na ganda. Ukijaza unga uliokauka sana au wa aina inayovuta maji, utanyonya kutoka kwenye ganda na kapsuli itapasuka ukiwa umeshamaliza kazi yote. Unga wa namna hiyo tumia kapsuli za mimea, zile zinazoandikwa HPMC, zisizo na jelatini, zenyewe zina maji kidogo tu, asilimia 3 hadi 8, na hazipasuki kirahisi zikikauka.

Na hawa wanaouza kapsuli za kupimiwa kwenye mifuko myeupe isiyo na jina la kiwanda, namba ya toleo wala tarehe, msinunue. Hujui zimekaa wapi, hujui jelatini ni ya ng'ombe au ya nguruwe, na yeye muuzaji hajui. Halafu ndo hao hao watakwambia eti kapsuli ya 00 ni miligramu 500, imeisha hiyo. Saizi 00 inabeba ujazo wa kama mililita 0.95, uzito unategemea unga wenyewe na umeushindilia kiasi gani, unga mwepesi na unga mzito vinaweza kutofautiana karibu mara mbili kwenye ganda lile lile. Bila mizani unakisia dozi, na kukisia dozi ndo kunakoleta watu kwetu na matumbo yanawauma.

Mwisho kuna wanaofungua kapsuli za dawa za hospitali wakahamishia unga au zile chembe ndogo kwenye ganda la mimea kwa sababu hawataki jelatini ya mnyama. Msifanye hivo kabisa. Dawa nyingine zimetengenezwa zifunguke polepole au zivuke tumbo kwanza, ukizisaga au kuzimwaga unaweza kuharibu mpango wote. Rudi kwa mfamasia aliyekupa, mwambie wazi hutaki jelatini, akutafutie ya kidonge au ya maji.