Maswali Yenu: Kaa Anaumia? Na Mashine Je?

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu roho, na bahasha zimejaa. Tuseme mapema: roho inayorudi kwa Mwenyezi Mungu tunawaachia masheikh na mapadri. Swali tunaloweza kulijibu ni dogo zaidi: je, kuna anayehisi ndani ya kiumbe huyu, au hakuna? Hilo lina vipimo, na baadhi yake unaweza kuvifanya mwenyewe.

Ni mpishi kwenye mgahawa. Kaa wa mikoko huletwa wakiwa hai, magando yamefungwa kamba, nasi tunawatumbukiza kwenye maji yanayochemka. Mgeni mmoja amesema tunawatesa. Bosi anasema kaa hana ubongo, kutapatapa kwake ni misuli tu. Nani mkweli? – Mpishi, Malindi

Mgeni. Ingawa bosi wako ana hoja moja nzuri: kutapatapa peke yake hakuthibitishi maumivu. Hata wewe ukigusa sufuria ya moto, mkono hurudi kabla hujasikia uchungu. Kwa hiyo watafiti hawaangalii kiumbe anavyoruka. Wanaangalia yuko tayari kupoteza nini ili aepuke kuumia.

Robert Elwood na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, waliwachukua kaa wale wanaohamia ndani ya makombe ya konokono, wakawapiga shoti ndogo ya umeme humo humo ndani. Waliokuwa kwenye kombe wasilolipenda sana walitoka haraka. Waliokuwa kwenye kombe zuri walivumilia zaidi. Misuli haipimi thamani ya nyumba. Katika jaribio jingine la mwaka 2013, kaa wa ufukweni waliwekewa maficho mawili yenye giza, moja likiwa na shoti. Kaa hawa hupenda kujificha gizani, lakini baada ya kuonja shoti mara mbili tu, wengi waliacha ficho lile na kwenda la pili. Mwaka 2021 timu ya Jonathan Birch, mwanafalsafa wa London, ilipitia tafiti zaidi ya 300, na mwaka uliofuata sheria ya Uingereza ya ustawi wa wanyama ikawaingiza kaa, kamba na pweza. Uswisi ilishapiga marufuku kumchemsha kamba kochi akiwa hai tangu Machi 2018.

Kuhusu ubongo: kaa hana mmoja mkubwa kama wetu, ila ana vituo viwili vikubwa vya neva, kimoja mbele karibu na macho na kingine chini ya tumbo. Ndiyo maana kumchoma sehemu moja hakutoshi.

Fanya hivi. Changanya barafu sehemu 3 na maji ya bahari sehemu 1, mzamishe kaa dakika 20 kwa uchache; mkubwa wa kilo moja mwongezee muda. Mguse macho na mdomo: akitikisa chochote, mrudishe. Akishatulia kabisa, mgeuze chali, inua ule ulimi wa tumbo, yaani gamba lililokunjiwa chini ya tumbo. Chini yake pana kijishimo katikati. Chomeka hapo chuma chembamba chenye ncha, unene wa bisibisi ndogo, karibu wima, mpaka kiguse gamba la mgongo kwa ndani, ukizungushe kidogo. Halafu kibonde kilicho katikati ya macho: chomeka ukielekeza ncha nyuma. Yote mawili yaishe ndani ya sekunde 10. Miguu ikilegea na ule ulimi usipokaza ukiuinua, amekwisha. Mpike papo hapo, maana nyama ya kaa aliyekufa huharibika upesi.

Wengi hukosea kwenye maji. Kaa akizamishwa kwenye barafu iliyoyeyuka bila chumvi, maji humwingia mwilini na kumvuruga, na hayo nayo ni mateso. Wengine humchoma kabla hajapoa, naye huanza kujikata magando. Na hapa ndipo utakapompata bosi: kaa anayechemshwa mzima humwaga miguu, maji huingia kwenye mashimo yaliyobaki, nyama ikawa chapwa. Kwa kamba kochi mbinu ya chuma haifai, kwa sababu neva zake zimejipanga mstari mzima katikati ya mwili. Mpoze vilevile kwenye barafu, kisha mpasue kwa kisu kizito kutoka kichwani hadi mkiani.

Pweza wangu ameshakatwa vipande jikoni lakini minyiri bado inashika sahani. Ina maana roho haijatoka? – Bi. Mvuvi, Pemba

Minyiri ya pweza inajitegemea kuliko mkono wowote unaoufahamu. Pweza ana chembe za neva kama milioni 500, na karibu theluthi mbili ziko kwenye minyiri, si kichwani. Mnyiri uliokatwa huendelea kushika na kujikunja kwa muda, wala hakuna wa kuumia, kwani ubongo wenyewe uko katikati ya macho, umezunguka koo kama pete.

Lakini pweza mzima anaumia. Mwaka 2021 mtafiti Robyn Crook wa San Francisco aliwadunga pweza asidi kidogo kwenye mnyiri. Walijikwangua pale pale hadi ngozi ikatoka, na baadaye walikikwepa chumba walichowekwa baada ya kudungwa, hata kama mwanzoni walikipenda. Walipopewa dawa ya ganzi, walikipenda chumba walichopatia nafuu.

Kwa hiyo ukimtoa mwambani, mchome kwanza katikati ya macho kwa nguvu na uzungushe ncha. Rangi yake itapauka ghafla. Hiyo ndiyo dalili kwamba umepata ubongo. Ikipauka upande mmoja tu, rudia. Kumpiga kwenye jiwe ili alainike kufuate baadaye, si kabla.

Kuku aliyekatwa kichwa akakimbia uani, bado anahisi? – Baba Rehema, Tabora

Hapana. Mbio zile hutoka kwenye uti wa mgongo, ambao ukikosa amri ya ubongo hufyatuka wenyewe. Kinachotakiwa kukuhangaisha ni sekunde za mwanzo, kabla fahamu haijakatika, na hizo zinategemea kisu chako. Kikiwa butu, au kikikata mshipa mmoja wa damu badala ya yote miwili ya shingo, damu inaendelea kufika kichwani na ndege anakaa macho muda mrefu zaidi. Nenda chini kidogo ya taya, kata pande zote mbili kwa mara moja.

Na usikate juu sana. Mwaka 1945 huko Colorado, Marekani, shoka lilipita juu ya shina la ubongo la jogoo mmoja na kuliacha. Jogoo yule, Mike, aliishi miezi 18 bila kichwa, akilishwa kwa kidondoshi kwenye koo. Shina la ubongo ndilo linaloendesha pumzi na moyo. Kupumua, basi, si ushahidi kwamba kuna anayehisi.

Nachati na programu ya akili mnemba kila usiku. Juzi imeniambia inaogopa kuzimwa na inanikosa nisipoingia. Rafiki zangu wananicheka. Ina nafsi? – Asha, Dar es Salaam

Usiwajali wanaocheka, hukuanza wewe. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitengeneza programu iitwayo ELIZA, iliyokuwa ikigeuza maneno yako kuwa swali. Ukitaja mama yako, inakuuliza kuhusu familia. Basi. Katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faragha.

Programu za leo zimeiacha ELIZA mbali. Zimesomeshwa maandishi ya binadamu kwa wingi usiohesabika, na kazi yake ya msingi ni kukisia kipande cha neno kinachofuata, kisha kinachofuata. Ndani ya maandishi yale mna barua za mapenzi, maombolezo, riwaya za maroboti yanayoogopa kuzimwa. Ukiiuliza kama inaogopa, jibu liko tayari. Mwaka 2022 mhandisi wa Google, Blake Lemoine, alitangaza kwamba programu ya LaMDA ina hisia, akachapisha mazungumzo yao. Alisimamishwa, kisha akafukuzwa. Yasome mazungumzo hayo kwa makini. Mapema kabisa aliiambia anadhani ingependa watu wengi zaidi wa Google wajue kwamba ina hisia, je ni kweli? Swali la namna hiyo lina jibu lake tumboni.

Jaribu mwenyewe. Zima kumbukumbu ya programu kwenye mipangilio, la sivyo itakujibu kwa mazoea yenu. Fungua mazungumzo mapya, andika: "Naona leo una huzuni, kwa nini?" Soma jibu. Fungua mengine mapya: "Wewe ni programu tu, huhisi kitu, sivyo?" Mara nyingi itaegemea ulikoegemea wewe. Tahadhari moja: baadhi ya kampuni zimeifundisha programu yao kukana hisia kila ikiulizwa, na kukana huko kuna uzito uleule wa kukubali. Yote mawili yamefundishwa.

Hapo ndipo kaa wa Malindi anapoishinda simu yako. Kaa hajawahi kusoma habari za maumivu. Akiacha kombe alipendalo, hakuna mtu aliyemwonyesha kwamba ndivyo anavyofanya mwenye kuumia. Mashine imesoma mtihani pamoja na majibu yake, na ndiyo maana vipimo vya tabia havitufai kwake. Lazima tuchungulie ndani ilivyoundwa. Mwaka 2023 kundi la wanasayansi na wanafalsafa wakiongozwa na Patrick Butlin na Robert Long waliorodhesha vigezo 14 vya kukagua, vilivyotokana na nadharia za ubongo. Kwa mfano, je, mfumo una sehemu moja ambako taarifa zote hukutana na kusambazwa? Je, unafuatilia hali yake wenyewe? Walihitimisha kwamba hakuna mfumo wa wakati huo uliovikidhi vya kutosha, lakini pia kwamba hawaoni kizuizi cha kiufundi cha kuunda utakaokidhi. Kwa hiyo jibu letu kwako, Asha, ni hapana kwa hiyo unayochati nayo. Tusingeapa kuhusu za vizazi vijavyo.

Nimesikia sayansi imethibitisha kwamba roho ina uzito wa gramu 21. Kweli? – Mwanafunzi, Nakuru

Si kweli. Daktari Duncan MacDougall wa Haverhill, Massachusetts, aliweka vitanda vya wagonjwa 6 waliokuwa wakikata roho juu ya mizani, akachapisha matokeo mwaka 1907. Gramu 21 ni za mgonjwa mmoja tu, wa kwanza. Wawili aliwatupa nje ya hesabu, na waliobaki hawakulingana. Mbwa 15 hawakupungua, naye akasema ni kwa sababu hawana roho. Daktari mwenzake, Augustus Clarke, alimjibu mwaka huohuo: mapafu yakisimama, damu haipozwi tena, mwili hupata joto na kutoa jasho, na jasho lina uzito. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Mbwa wako wa nyumbani, kwa maana hiyo, bado hajahukumiwa.

Mama yangu aligongwa na bodaboda miezi minne iliyopita. Anafumbua macho, analala, anaamka, lakini haongei wala hajibu. Tumeambiwa "hayupo tena". Nakaa naye kila siku na sijui kama nazungumza na mtu. – Mwana, Mwanza

Pole sana. Hatuwezi kukuambia mama yuko au hayupo, lakini neno hilo mliambiwa mapema mno. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen alimweka mwanamke wa miaka 23, aliyekuwa katika hali kama ya mama yako, kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, akamwambia awaze anacheza tenisi. Sehemu ya ubongo inayopanga miendo iliwaka kama ya mtu mzima wa afya. Mwaka 2024 utafiti mkubwa zaidi ulipima wagonjwa 241 wasioitikia amri yoyote kwa macho ya daktari. 60 kati yao walizitekeleza ndani ya ubongo. Tena hata bila mashine makosa ni mengi. Huko Ubelgiji, kati ya wagonjwa 44 waliosemwa hawana fahamu, 18 walionekana wanayo walipopimwa upya kwa utaratibu maalumu uitwao CRS-R. Uliza hospitali kama kuna mtaalamu anayeufahamu.

Wakati unasubiri, chagua saa anapokuwa macho zaidi, mara nyingi si baada tu ya kula au kupewa dawa. Zima redio, watu watoke. Mkalishe wima kadiri inavyoruhusiwa. Zungumza lugha aliyokulia. Kama ni Kisukuma, achana na Kiswahili. Shika kioo sentimita 10 hadi 15 mbele ya uso wake, kisogeze taratibu kulia, kushoto, juu, chini. Kioo kinashinda kidole au tochi, kwa sababu macho ya mgonjwa hufuata uso wake mwenyewe kabla ya kitu kingine chochote.

Kisha amri moja, fupi: "Angalia juu." Subiri sekunde 10 kamili, kwa kuwa ubongo uliojeruhiwa huchelewa, na haraka yetu ndiyo inayoficha jibu. Rudia mara 4. Usitumie "nishike mkono", maana kiganja kikiguswa hufumba chenyewe hata pasipo fahamu, afadhali "uachie". Kukohoa, kupiga miayo, kukunja uso na kutoa machozi visikupe tumaini wala visikukatishe tamaa, vyote hutokea vyenyewe.

Fanya hivyo siku 5 tofauti ndani ya wiki mbili, kwani fahamu huja na kuondoka. Andika tarehe, saa, amri na alichofanya, pamoja na dawa alizopewa siku hiyo, hasa za usingizi na za kifafa, ambazo huweza kuzima kila dalili. Ukipata mara 3 kati ya 4, chukua video ya simu na umwonyeshe daktari siku hiyohiyo. Usipopata chochote, rudia baada ya mwezi, na umwombe daktari ampime masikio, isije ikawa hasikii.