Mwenye paki ya matrela kukukatia umeme
Je, mwenye paki ya matrela, yaani eneo unalopanga kiwanja cha kuweka nyumba yako ya trela, anaweza kukukatia umeme? Hapana, haruhusiwi. Kwa California, hata kama unadaiwa pango la kiwanja, hawezi kukukatia maji wala umeme ili uhame. Ni kifungu cha 789.3 cha Sheria ya Kiraia: akikata, anakulipa hasara yako, na juu yake hadi dola 100 kwa kila siku, isipungue dola 250. Majimbo mengine yana sheria zao. Lakini bili usiilalie: ukipewa notisi ya siku 3 ya kulipa na usipolipa, anaweza kuanza kukutoa, ila kupitia mahakama. Na kama umeme unapitia mita yake kuu, bili lazima ionyeshe namba ya mwanzo na ya mwisho ya mita yako ndogo. Mimi mita yangu naipiga picha kila tarehe mosi.