Jibu: Yungiyungi buibui langu linatoa majani tu, halichanui

Habari ndugu, na pole. Umesema yungiyungi buibui lako hapo Houston, lile la asili liitwalo Hymenocallis liriosme, lina mwaka wa pili halitoi ua ingawa bustani ina unyevu.

Anza na jua. Langu lilikuwa chini ya mwaloni, likafanya hivyohivyo. Nikalihamishia uani kwenye kibonde ambapo maji ya mvua hutuama na jua hupiga asubuhi hadi saa nane. Machi ya pili likachanua: meupe, kitovu cha manjano, na harufu ilifika hadi mlangoni!

Udongo wetu wa mfinyanzi usikutie hofu, wala usiuchanganye na mchanga. Porini linaota kwenye mitaro na vinamasi vya Texas na Louisiana. Baya ni kukauka wakati linachipua, hapo mwagilia. Majani yakinyauka kiangazi, liache, tunguu limelala.

Kisha fukua kidogo: shingo ya tunguu iwe usawa wa ardhi. Ukishalipanda usilisumbue tena. Na tafadhali, tunguu lina sumu, watoto na mbwa wasilitafune.